Tiba ya Hipnosisi kwa Tumbo Lisilotulia: Tathmini ya Huduma Niliyoipata Manchester

Huduma ninayoitathmini hapa ni tiba ya hipnosisi inayolenga utumbo, yaani kutulizwa na kuongozwa kwa maneno mpaka mawazo yajikite mahali pamoja, niliyopewa na mtaalamu binafsi katika kliniki ndogo jijini Manchester, Uingereza, kwa ajili ya maradhi ambayo madaktari huyaita IBS: tumbo linalouma na kujaa gesi, choo kinachobadilika kati ya kuharisha na kufunga, na vipimo ambavyo kila vikirudi huonyesha kwamba hakuna kilichoharibika. Nitasema mapema nilichoamua, ili asiye na muda wa kusoma yote apate jibu lake. Huduma yenyewe ni nzuri, imenisaidia kwa kiasi ambacho dawa hazikunisaidia, na ningemshauri mwenye tatizo kama langu aitafute. Hata hivyo, namna inavyotangazwa inaiharibia sifa, kwa sababu wengi wanaoikimbia wanakimbia kitu ambacho hakimo humo, na wengi wanaoikimbilia nao wanatafuta kitu ambacho hakimo.

Hofu ya kwanza niliisikia kutoka nyumbani. Nilipompigia simu shangazi yangu aliyeko Tanga na kumweleza, baada ya shikamoo na habari za watoto, kwamba nimeanza tiba ambayo mtu hufumba macho na kuongozwa kwa maneno, alinyamaza kidogo kisha akauliza, “Mwanangu, hao si ndio wanaowapumbaza watu? Usije ukatia saini vitu usivyovijua.” Sikumcheka, kwa sababu picha aliyo nayo ndiyo tuliyo nayo wengi wetu, na imetoka mahali panapojulikana: maonyesho ya mazingaombwe shuleni, ambapo mwanafunzi aliyejitokeza hufanya vituko mbele ya wenzake; filamu ambazo saa ya mnyororo huning’inizwa mbele ya macho ya mtu mpaka anageuka mtumwa; na visa vya matapeli wa stendi, ambapo aliyemkabidhi mgeni pesa zake zote husimulia kwamba aliguswa bega tu akapumbaa. Kisa hiki cha mwisho hakihusiani kabisa na tiba ninayoizungumzia. Hipnosisi haimwingii mtu kwa kuguswa bega wala kwa kupuliziwa unga. Inamhitaji mtu aliyekubali, aliyetulia, na anayefuata maneno kwa hiari yake kwa dakika kadhaa. Tapeli wa stendi hutumia haraka, tamaa, aibu, na pengine dawa ya kulevya iliyotiwa kwenye kinywaji, na anayetaka kujikinga naye atafaidika zaidi kwa kujua hilo kuliko kwa kuogopa macho ya watu.

Kipindi cha kwanza hakikuwa na hipnosisi yoyote, na hilo nalihesabu kuwa sifa ya kwanza ya huduma hii. Mtaalamu, ambaye aliwahi kuwa muuguzi, alitumia muda wote kuuliza: maumivu huanza wapi na huishia wapi, yanazidi kabla au baada ya kwenda haja, nakula nini, nalala vipi, na hasa vipimo gani nimeshafanyiwa na nani aliyevisoma. Aliuliza kama nimewahi kuona damu kwenye choo, kama nimepungua uzito bila sababu, kama nina upungufu wa damu, na kama kuna mtu katika familia aliyeugua saratani ya utumbo, na akanieleza kwamba mtu akijibu ndiyo kwa lolote kati ya hayo humrudisha kwa daktari kwanza. Aliuliza pia kama nimewahi kusikia sauti zisizokuwepo au kuugua ugonjwa wa akili unaomtoa mtu katika uhalisia, kwa sababu huduma ya afya ya taifa ya Uingereza, NHS, huwashauri wenye hali hizo wasitumie tiba hii. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki ningeongeza jambo ambalo mtaalamu wa Manchester halazimiki kulifikiria mara nyingi: amiba, giadia, minyoo na bakteria wa vidonda vya tumbo wanapaswa kuondolewa kwenye orodha kwa vipimo vya kweli kabla ya mtu kukaa kwenye kiti cha hipnosisi. Wengi wetu tumewahi kutibiwa taifodi ambayo haikuwepo, na wapo pia walioambiwa ni wasiwasi tu ilhali walikuwa na maradhi yanayotibika kwa vidonge.

Kuanzia kipindi kilichofuata kazi yenyewe ilianza, na nitaieleza kama ilivyokuwa kwa sababu watu huona kuna siri pale ambapo hakuna. Nilikaa kwenye kiti kinachoegemea nyuma, blanketi miguuni, nikaambiwa niangalie kitasa cha dirisha mpaka kope zichoke, kisha nizifumbe nikitaka. Sauti ya mtaalamu ikapita mwilini polepole, kuanzia paji la uso, taya, mabega, mpaka vidole vya miguu, ikitaja kila mahali na kupaacha palegee. Akahesabu kurudi nyuma kana kwamba tunashuka ngazi. Baada ya hapo nikaweka kiganja juu ya tumbo, chini kidogo ya kitovu, na akaniambia nisikilize joto la mkono wangu likiingia ndani na kutulia mahali panapouma. Joto hilo nililisikia. Mkono uliwekwa juu ya sweta nene la sufu, kwa hiyo sidhani kwamba ngozi ndiyo iliyopasha moto utumbo. Lakini misuli ya tumbo ambayo huwa imekaza tangu asubuhi ililegea, na nilisikia tumbo likinguruma kwa namna ambayo, kwa aliyezoea kufunga choo, ni habari njema. Wakati wote huo nilisikia tramu zikipita barabarani. Nilijikuna pua. Mara moja nilikumbuka kwamba sikufunga dirisha la jikoni, nikalifikiria kidogo, kisha nikarudi kwenye mkono wangu.

Kwa hiyo dhana ya kwanza, kwamba ni usingizi, haina ukweli. Aliyelala hasikii tramu, na maneno ya mtaalamu yangempita bure. Hali yenyewe iko karibu zaidi na ile ya mtu aliyezama katika hadithi redioni kiasi cha kutosikia anaitwa, ilhali akiguswa anageuka na kujibu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, waliwaweka ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo watu 57, wengine wakiwa wepesi wa kuingia hipnosisi na wengine wagumu, wakakuta kwamba kwa wale wepesi shughuli ilipungua katika sehemu inayomfanya mtu agawe macho yake kati ya mambo mengi, na mawasiliano yakaongezeka kati ya sehemu za kupanga na sehemu zinazofuatilia hali ya mwili. Watu hao walikuwa macho, wamejikita tu mahali pamoja. Na anayeuliza itakuwaje kama mtaalamu atakufa au umeme utakatika katikati ya kipindi, jibu ni fupi: atafumbua macho, au atasinzia kidogo na kuamka kama mtu yeyote.

Dhana ya pili ndiyo nzito, nayo ni kwamba unamkabidhi mtu mwingine hiari yako. Hapa Manchester ni mahali pazuri pa kuizungumzia, kwa sababu historia ya jambo hili imepita humu humu. Mwezi wa Novemba 1841 Charles Lafontaine, Mfaransa aliyekuwa akizunguka miji akionyesha nguvu za sumaku ya mwili, iliyodaiwa kutoka kwa mponyaji na kumwingia mgonjwa, alifanya maonyesho yake hapa, na miongoni mwa waliokwenda kumtazama alikuwamo James Braid, daktari mpasuaji kutoka Uskoti aliyekuwa akifanya kazi jijini. Braid alikwenda akiamini ni udanganyifu, lakini akaona kwamba mtu aliyekuwa jukwaani kweli hakuweza kufumbua macho. Badala ya kushangilia au kukejeli, alirudi nyumbani akajaribu: akamwambia rafiki yake aikazie macho shingo ya chupa ya mvinyo, na mkewe akazie macho pambo la bakuli la sukari, bila kuwagusa wala kuwapungia mikono, nao wakaingia katika hali ile ile. Kumbe nguvu haikuwa ikitoka kwa Lafontaine. Ilikuwa ndani ya anayetazama. Mwaka 1843 Braid alichapisha kitabu juu ya hali hiyo, na matumizi ya kitabibu tunayoyajua leo yanatokana kwa sehemu kubwa na uamuzi wake wa kumwondoa mwenye kudai miujiza katikati ya jambo.

Miaka 57 kabla ya maonyesho hayo ya Lafontaine, Mfalme Louis wa 16 wa Ufaransa alikuwa ameteua tume ya kuchunguza tiba ya sumaku iliyoanzishwa na daktari Franz Anton Mesmer, na ndani ya tume walikuwamo Benjamin Franklin, mwanasayansi na mjumbe wa Marekani, na mwanakemia Lavoisier. Jaribio lao moja lingestahili kufundishwa shuleni. Kijana wa miaka 12 alifungwa kitambaa machoni na kuongozwa kati ya miti kwenye bustani ya nyumba ya Franklin huko Passy, ambako mti mmoja tu ulikuwa umetiwa ile iliyoitwa sumaku. Kijana akazidi kutetemeka mti baada ya mti, na kwenye wa nne akazimia, ilhali mti wenyewe ulikuwa bado mbali naye. Tume ikaamua mwaka 1784 kwamba sumaku haipo na kilichotenda kazi ni mawazo ya mgonjwa. Hukumu hiyo ilikusudiwa kuizika tiba, na kwa Mesmer ilistahili; lakini tume ilipita haraka mno juu ya jambo kubwa lililokuwa mbele yake, kwamba wazo peke yake, bila sumaku wala dawa, lilimwangusha kijana. Mtaalamu wa leo anafanya kazi na jambo hilo hilo, isipokuwa analielekeza kwenye kutuliza badala ya kuangusha.

Vipi kuhusu jukwaa, basi, ambako watu huonekana wakila vitunguu wakidhani ni matofaa? Mwenye onyesho haanzi na ukumbi mzima kwa bahati. Huanza kwa kuwajaribu watazamaji wote kwa zoezi dogo la mikono, huwaita jukwaani walioitikia haraka, huwarudisha vitini wanaositasita, na mwishowe hubaki na wachache ambao ni wepesi wa hipnosisi na pia hawachukii kuchekwa na watu. Wanaobaki wanajua wako kwenye onyesho na wamekubali mchezo. Bunge la Uingereza liliona haja ya kuyawekea maonyesho hayo utaratibu kwa Sheria ya Hipnosisi ya mwaka 1952, nayo inahusu burudani, si matibabu. Mimi mwenyewe nilimwuliza mtaalamu wangu kama angeweza kuniamuru nitaje namba ya siri ya benki. Alitabasamu, akasema atajaribu ili nione mwenyewe, na katika kipindi kile, nikiwa nimetulia kabisa, aliniuliza. Nilifumbua macho nikacheka. Kipindi kikaharibika, naye hakuona vibaya. Ninakubali kwamba jaribio moja la kirafiki si ushahidi wa kisayansi, na mtu mwenye nia mbaya anaweza kumshawishi mwenzake aliyemwamini afanye mabaya, akiwa na hipnosisi au bila. Ndiyo maana suala la nani anayekutibu ni la msingi, nami nitalirudia.

Kuhusu dini nitasema machache, kwa kuwa najua wapo watakaoacha kusoma hapa wasipopata jibu. Hakuna kilichosomwa, hakuna ubani uliochomwa, hakuna jina lililoitwa zaidi ya langu. Hali hiyo haifanani na kupandwa na pepo, ambako mtu husemwa kuwa mwingine amechukua nafasi yake. Katika kiti kile niliyekuwepo ni mimi, na niliyoyasikia niliweza kuyasimulia baadaye neno kwa neno. Anayetaka kuanza kwa bismillahi au kwa sala yake hakatazwi, na mtaalamu wangu, nilipomwambia kwamba mahali pangu pa utulivu ni baraza ya msikiti baada ya swala ya alasiri, alilipokea hilo bila maswali.

Sasa inafanyaje kazi tumboni? Mwenye IBS mara nyingi ana utumbo unaosikia kupita kiasi: gesi au kinyesi ambacho kwa mwingine kingepita bila kujulikana, kwake kinatangazwa ubongoni kama maumivu. Ubongo ukishtuka, hurudisha amri za kukaza, misuli ya utumbo hukaza, maumivu huongezeka, na mzunguko unaendelea. Mwaka 1984 Peter Whorwell na wenzake wa Manchester walichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya wagonjwa 30 waliokuwa na hali mbaya na ambao tiba nyingine zilikuwa zimeshindwa. Waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakapewa hipnosisi na nusu mazungumzo ya kisaikolojia pamoja na vidonge visivyo na dawa, na waliopewa hipnosisi walipata nafuu kubwa kuliko wenzao kwa kila dalili. Baadaye kundi hilo hilo lilipima moja kwa moja mwendo wa utumbo mpana wa watu walio katika hipnosisi: utulivu uliupunguza, na walipoongozwa kuhisi hasira au msisimko, ukaongezeka. Aliyewahi kugombana na mtu saa ya chakula hatashangaa, lakini ni jambo jingine kuliona limeandikwa na kipimo. Mwaka 2015 walitoa matokeo ya wagonjwa 1,000 waliopita katika kliniki yao, na asilimia 76 walipata nafuu ya kiwango kilichowekwa, wanawake asilimia 80 na wanaume asilimia 62. Ninaomba msomaji aiangalie takwimu hiyo pande zote mbili. Karibu mmoja kati ya wanne hakufaidika vya kutosha, katika kliniki iliyobobea.

Kuna swali ambalo mtu wa pwani lazima ajiulize: kwa nini nisibadilishe chakula tu? Mlo unaopendekezwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, kwa wenye IBS unapunguza sukari fulani zinazochachuka tumboni, na unafanya kazi. Lakini tazama unachoondoa katika wiki zake za mwanzo: vitunguu maji, vitunguu saumu, maharage, unga wa ngano, maembe. Ukimwondolea Mswahili vitunguu, maharage, chapati na maandazi, umemwachia nini cha kumkaribishia mgeni? Watafiti hao hao wa Monash walilinganisha mlo huo na hipnosisi ya utumbo kwa wagonjwa 74, wakachapisha mwaka 2016 kwamba nafuu ilikuwa sawa, na kwamba kuchanganya vyote viwili hakukuongeza kitu. Kwangu hiyo ndiyo iliyokuwa sababu ya kulipa. Napenda pilau yenye kitunguu kilichokaangwa mpaka kikawa cheusi, na sasa naila, kwa kiasi, bila kulala ubavu usiku kucha.

Nafuu hiyo haikuja siku moja, na hapa ndipo dhana ya tatu inapowaumiza wanunuzi: kwamba mtaalamu hubonyeza kitu ndani ya kichwa chako na tatizo likaondoka. Mfululizo unaotumika Manchester ni wa vipindi hadi 12 kwa takriban miezi mitatu, na kati yake mgonjwa hutakiwa kufanya zoezi kila siku nyumbani akisikiliza sauti iliyorekodiwa. Unacholipia kwa kweli ni kufundishwa ustadi ambao mwishowe utautumia peke yako. Wiki za mwanzo sikuona tofauti yoyote isipokuwa kulala vizuri. Kisha kujaa gesi kulipungua, halafu maumivu, na choo ndicho kilichochelewa kuliko vyote. Kundi la Manchester lilipowafuatilia wagonjwa kwa miaka, lilikuta kwamba miongoni mwa waliofaidika, asilimia 81 waliendelea na nafuu yao, na hilo linaeleweka ukizingatia kwamba walichobaki nacho ni mazoea na si kidonge kinachoisha.

Sauti iliyorekodiwa ndiyo kasoro kubwa niliyoiona katika huduma yenyewe. Ilikuwa na muziki wa kinanda nyuma ambao ulinikera, na ilielezea mto wa milima ya Uingereza, wenye mawe na baridi, unaoteremka taratibu. Picha ya mto si pambo. Ndiyo dawa yenyewe, kwa kuwa mgonjwa hufundishwa kuuona utumbo kama mto na kuupunguza kasi anapoharisha au kuufungulia njia anapofunga choo. Mto nisioujua haukunifungulia kitu. Nilipolalamika, mtaalamu aliniambia nilete mto wangu, nami nikamletea Pangani pale unapokaribia bahari, karibu na kivuko cha kwenda Bweni, maji mapana ya rangi ya udongo yanayokwenda bila kelele na minazi ukingoni. Tuliandika maelezo upya pamoja, na baadaye nikamwomba dada yangu ayasome kwa Kiswahili kwenye simu, polepole, bila muziki. Tangu hapo zoezi la nyumbani likawa kitu ninachokingojea. Ningependa kliniki iwape wateja wote nafasi hiyo tangu mwanzo badala ya kumpa kila mtu rekodi ile ile na kusubiri alalamike.

Kasoro nyingine ni za kibiashara. Mapokezi walinihimiza nilipe vipindi vyote mapema kwa punguzo, na kipeperushi kilichokuwa mezani kiliahidi kuacha sigara kwa kipindi kimoja, kupunguza uzito bila kujinyima, na kurudisha kumbukumbu za utotoni. Mtaalamu aliyenitibu hakuyasema hayo, lakini anafanya kazi chini ya kipeperushi hicho, na mteja asiyejua atadhani kila ahadi ina uzito sawa. Haziko sawa hata kidogo. Kuhusu sigara, mapitio ya tafiti yaliyofanywa na taasisi ya Cochrane mwaka 2019 hayakupata ushahidi wa kutosha kwamba hipnosisi inashinda njia nyingine za kuacha. Kuhusu maumivu na hofu ya matibabu, kwa upande mwingine, hali ni nzuri: hospitali ya chuo kikuu ya Liège, Ubelgiji, imekuwa ikitumia hipnosisi pamoja na ganzi kidogo katika baadhi ya upasuaji tangu mwaka 1992, na watafiti wa Montreal walionyesha mwaka 1997 kwamba mtu anayetumbukiza mkono katika maji ya moto, akidokezwa kwamba maji hayakeri sana, shughuli hupungua katika sehemu ya ubongo inayohusika na kero ya maumivu, ilhali sehemu inayopokea ukali wake haibadiliki vivyo hivyo. Yaani moto bado upo, ila haumbughudhi kama mwanzo.

Ile ahadi ya kumbukumbu ndiyo inayonikasirisha, kwa sababu inaweza kuvunja familia. Hipnosisi haifungui kabati lililohifadhi yaliyopita yakiwa kamili. Mtu aliyetulia na anayetaka kumpendeza anayemuuliza hutoa picha nyingi zaidi, za kweli na za kubuni zikiwa zimechanganyika, kisha anaziamini zote kwa uthabiti ule ule. Kwa sababu hiyo mahakama za majimbo mengi ya Marekani zimekataa au zimewekea masharti makali ushahidi wa shahidi aliyekumbushwa kwa njia hii. Mtaalamu yeyote akikuambia atakutafutia siri ya utotoni inayosababisha maradhi yako, toka, hata kama umeshalipa. Aliyenitibu hakuniuliza habari za utoto hata mara moja; alishughulika na tumbo.

Huenda msomaji anajiuliza kama yeye ataweza. Wapo wanaojigamba kwamba akili zao ni imara mno, kana kwamba kuingia hipnosisi ni udhaifu au ujinga. Vipimo vilivyotengenezwa Stanford mwaka 1959 vilionyesha kwamba watu wachache ni wepesi sana, wachache ni wagumu sana, na wengi wako katikati, na watu waliopimwa tena baada ya miaka 25 walibaki karibu pale pale walipokuwa. Wepesi huo hauna uhusiano na ujinga wala kudanganyika ovyo. Unahusiana zaidi na uwezo wa kuzama katika jambo. Mtu anayelia akisoma riwaya ana nafasi nzuri. Mimi niko katikati, kwa makadirio ya mtaalamu, na ilitosha.

Kwa bei, wataalamu binafsi wa Uingereza hutoza kwa kawaida kuanzia pauni 50 hivi kwa kipindi, na wengine hupita 100. Kwa mfululizo mzima hiyo si pesa ndogo. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2008 kuhusu IBS unaruhusu daktari kumfikiria mgonjwa kwa hipnosisi iwapo dawa zimeshindwa kwa miezi 12, kwa hiyo anayeishi huku aanze kwa kumuuliza daktari wake, ingawa nafasi za bure ni chache na foleni ni ndefu. Cheo cha mtaalamu wa hipnosisi hakilindwi na sheria nchini Uingereza. Mtu anaweza kusoma kozi ya siku mbili akabandika kibao. Tafuta aliyesajiliwa katika orodha ya hiari ya CNHC, baraza la Uingereza la tiba za ziada, au mwanachama wa chama cha BSCAH, ambacho huwapokea wataalamu wa afya. Walioko Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam wanaweza kupata vipindi kwa video, na tiba hii huvumilia video kuliko nyingi, mradi mtandao haukatiki kila mara. Lakini ningemtafuta kwanza mwanasaikolojia wa karibu aliyejifunza hipnosisi, na kwa Kenya ningeuliza kama amesajiliwa chini ya sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia ya mwaka 2014.

Maswali ya kuuliza kwenye simu ya kwanza ni matatu tu: ulisomea nini kabla ya hipnosisi, umewatibu wangapi wenye tatizo kama langu, na utafanya nini nikiwa sijaona mabadiliko nusu ya safari. Mtaalamu wangu alijibu la tatu kwa kusema kwamba tungesimama tukapitia tena kila kitu na, ikibidi, angenirudisha kwa daktari bila kunidai vipindi vilivyobaki. Kwa jibu hilo, na kwa Pangani, ninampa yeye nyota tano. Kliniki ninaipa tatu, na nitaongeza ya nne watakapokiondoa kile kipeperushi mezani.